Jengo la kijani na jengo lenye akili: nimefunga mitambo ya yote mawili Kampala

Ndugu uliyeuliza kuhusu ghorofa zako nne za Jinja: unasema mchora ramani anakuimbia "jengo la kijani", muuza mitambo anakuimbia "jengo lenye akili", na wote wanaapa bili itashuka. Si kitu kimoja. Mimi ni fundi umeme, Mmombasa niliyelowea Kampala, mwaka wa kumi na tatu huu, na nimeshika kazi za pande zote mbili.

Kijani ni habari ya jengo lenyewe: limekaa vipi, limejengwa kwa nini, linakula maji na umeme kiasi gani. Ndiyo maana cheti cha majengo ya kijani cha EDGE, cha IFC (tawi la Benki ya Dunia), kinataka upunguze angalau 20% ya nishati, ya maji, na ya mzigo wa mazingira wa kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida. Akili ni mishipa ya fahamu: vitambuzi, nyaya, na kompyuta ya kuongoza taa, viyoyozi, pampu na milango. Jengo laweza kuwa na hii na likakosa ile.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja, vioo chini mpaka juu, uso mkubwa umeelekea magharibi. Kila chumba kina kitambuzi. Ikifika saa kumi jioni jua linaingia mpaka miguuni mwa meza, kitambuzi kinaona joto, kompyuta inaamrisha, viyoyozi vinanguruma. Mitambo haikuwa na kosa lolote. Wafanyakazi walikuwa wamebandika magazeti kwenye vioo, halafu kwa ajili ya magazeti hayo wakawasha taa mchana kweupe! Akili yote ile ilikuwa inalipia kosa la ramani, tokeni baada ya tokeni ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla.

Sisi tuko ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Joto la hapa si la Mombasa. Jua la mchana liko utosini, ukingo wa paa unalizuia. Linaloumiza ni la asubuhi na la jioni, linalokuja limelala. Kiwanja kikiruhusu, madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini, na mashariki na magharibi upeleke ngazi, vyoo na stoo. Upepo uingie huku utokee kule, na kiyoyozi utakitafuta labda kwa chumba cha seva tu. Haya yote ni kalamu na karatasi kabla ya msingi kuchimbwa. Zege likishamwagwa, hakuna programu ya kuligeuza jengo.

Halafu kuna jambo wauzaji hawaligusi. Umeme wetu kwa sehemu kubwa ni wa maji ya Nile, wa mabwawa: Nalubaale tangu 1954, Bujagali, sasa Karuma ya megawati 600. Ukiupunguza unaokoa mfuko zaidi kuliko hewa. Moshi wa jengo la hapa uko kwenye saruji, kwenye jenereta, na kwenye matofali ya kuchoma, ambayo tanuri lake linakula magogo usiku na mchana. Matofali ya udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo hayaonji moto. Nenda Entebbe uone hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la EMERGENCY, aliyoichora Renzo Piano, msanifu majengo wa Italia, ikafunguliwa 2021: kuta ni udongo wa pale pale ulioshindiliwa, paa limebeba paneli za sola kama 2,500.

Akili nayo siidharau. Jengo moja la wapangaji bili ya maji ilikuwa inapanda, kila mtu anamnyooshea kidole mwenzake. Tulifunga mita inayoandika kila saa. Saa tisa usiku, mlinzi peke yake na redio yake, maji yanapita! Nilipanda na tochi, nikatia bluu ya kufulia kwenye matangi ya vyoo. Ghorofa ya tatu, vyoo viwili, rangi ikaanza kuteremka kwenye bakuli bila mtu kuvuta maji. Mipira ya valvu ilikuwa imelika. Kivuli na upepo visingeniambia hilo.

Ila mtambo nenosiri lake likibaki kwa mtu mmoja, umekwisha. Mahali pengine kijana aliandika taa za maegesho ziwake saa 1 na kuzima saa 12, kwa saa zetu, zile zile za Waganda. Mtambo ukasoma saa za Kizungu: taa zikawa zinawaka saa saba usiku, zinazimika adhuhuri. Aliyeufunga alikuwa ameshahama na nenosiri lake, na miezi miwili magari yakaegeshwa gizani.

Kwa Jinja ningeanza na mwelekeo, kivuli, mifereji ya paa na tangi la mvua. Kisha mita kwa kila mpangaji, boya la kuizima pampu tangi likijaa, na vitambuzi vya mwendo kwenye ngazi. Chooni usiweke, watu watakaa humo wakipunga mikono gizani.

Barabara iko upande gani wa kiwanja? Nijibu hilo kwanza, tuone ngazi ziende wapi.