Kabla hujalipia vifaranga: niliyoyaona kwa kuku wangu wa uani, Iringa

Boksi la vifaranga wa siku moja hubeba 100. Ndani limegawanywa vyumba vinne, kila chumba 25, na ubavuni lina matundu ya hewa. Ukikabidhiwa, kabla hujalifungua, tega sikio. Vifaranga wazima wanalia taratibu, sauti ndogo ndogo zinazopishana. Wenye baridi wanalia kwa ukali, wote kwa pamoja. Walioishiwa nguvu hawalii.

Boksi langu la kwanza lilikuwa kimya. Nililipokea stendi ya Igumbilo jioni, mwezi wa sita, na anayeijua Iringa anaijua baridi ya mwezi wa sita. Ndani mlikuwa na vifaranga 50 wa Sasso, mbegu ya chotara, niliowaagiza kwa simu kwa wakala mmoja wa Dar, nikatuma hela yote, nikaambiwa wametotolewa usiku wa kuamkia safari. Nilipofungua kifuniko kwa tochi ya simu, waliokuwa juu walikuwa wamelala ubavu, shingo zimenyooka, na miguu yao ilikuwa mikavu, ngozi imesinyaa mpaka mishipa inaonekana. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na akiba ya kiini tumboni, na akiba hiyo humshikilia siku mbili, hata tatu, bila kula wala kunywa. Ndiyo maana anasafirishika. Wangu akiba ilikuwa imekwisha njiani au kabla ya safari.

Na mimi nilikuwa na kosa langu. Bruda, yaani sehemu ya kuwatunzia vifaranga kwenye joto, nilikuwa nimeizungushia vizuri, maranda nimeyamwaga, lakini jiko la mkaa nililiwasha baada ya kufika nyumbani na boksi mkononi. Maranda yalikuwa ya baridi kama sakafu yenyewe. Kufikia siku ya saba nilibaki na 19.

Miaka minne imepita, na kuku ninao. Kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Dada, nianze na kuku gani?" Kabla sijamjibu namuuliza: watakula nini?

Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya majina ya mbegu na kabla ya picha za majogoo makubwa unazotumiwa. Kuku mkubwa anayetaga anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Kuku 10 ni zaidi kidogo ya kilo moja kila siku, maana yake mfuko wa kilo 50 unakwenda siku 40 hivi. Piga hesabu hiyo kwa bei ya mfuko kwenye duka la pembejeo la mtaani kwako, leo, halafu uangalie uwanja wako. Kuna majani? Kuna sehemu wanaweza kuchakura bila kumaliza mchicha wa jirani? Nyumbani kunabaki ugali, makapi ya mboga, pumba? Ukishajibu hayo, aina ya kuku inajichagua yenyewe.

Kuku wa mayai wa kisasa, wale wa kahawia, anaweza kukupa karibu mayai 300 kwa mwaka, lakini kwa chakula kamili kila siku. Mbadilishie chakula ghafla, au mpunguzie, mayai yanakatika, na hana tabia ya kuzunguka kujitafutia. Huyo ni wa mtu aliyejipanga kununua mifuko. Kuku wa nyama wa wiki sita nao wana hesabu yao ya kibiashara; kwa kuku wa uani nawaweka pembeni.

Kuku wetu wa kienyeji anataga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Watu wanamdharau kwa namba hiyo, na mimi nilimdharau. Lakini anataga mayai 10 hadi 15, anayalalia siku 21, anatotoa, analea. Yeye ndiye mashine ya kutotoleshea, yeye ndiye jiko la mkaa, na mwewe akipita yeye ndiye anayepiga kelele. Chakula chake kikubwa anakitafuta mwenyewe. Ukiwa na uwanja na huna hela ya mifuko, mchukue huyu bila kuona aibu.

Ndani ya kienyeji pia kuna kuchagua. Kuchi, yule mrefu mwenye miguu mizito anayesifika Kanda ya Ziwa, ana umbo na bei, lakini anataga kidogo na madume yake yanapigana mpaka damu. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, anavumilia joto kwa sababu mwili wake unapoa haraka. Kwa Dar, Tanga au Dodoma ningemtafuta, kwa Iringa namwachia mwenye joto lake. Ukiwa mashinani, zunguka kwa majirani uulize koo (kuku mama) gani analea vizuri, kisha ununue watoto wake.

Katikati kuna chotara. Hapa ndipo wengi mnaponiuliza Sasso au Kuroiler. Sasso asili yake Ufaransa, Kuroiler ni wa India, na wote wawili walijaribiwa kwa wafugaji wa vijijini hapa Tanzania katika mradi wa ACGG, wa kulinganisha mbegu za kuku, uliofanyika pia Ethiopia na Nigeria. Nimewafuga wote. Sasso anakua haraka na jogoo wake ana nyama, ila anakula sana na muda mwingi yuko karibu na chombo cha chakula. Kuroiler anatembea. Asubuhi nikifungua banda, Kuroiler wangu wako kwenye migomba kabla sijamwaga pumba. Kwa kuku wa uani mimi niko upande wa Kuroiler, na kwa atakayeuza majogoo ya sikukuu namshauri Sasso. Kuna pia kuku mweusi tunayemwita wa Malawi. Huyu alisambazwa kutoka kituo cha Mikolongwe, nchini Malawi, lakini asili yake ni Australia, na huko majike sita wa aina hiyo waliwahi kutaga mayai 1,857 kwa siku 365, mwaka 1922 hadi 1923. Hayo yalikuwa majike ya mashindano. Asikuuzie mtu kifaranga kwa rekodi hiyo. Ila ni kuku mpole, mzito, anayetaga vizuri akilishwa, na kwa mwenye watoto wadogo nyumbani nampenda sana. Wasomaji wa Kenya mna kienyeji walioboreshwa wa KALRO, shirika lenu la utafiti wa kilimo na mifugo, Naivasha. Hesabu ya chakula ni ile ile.

Jambo moja la chotara wauzaji wengi hawalisemi. Ukichukua mayai ya Kuroiler wako, aliyepandwa na jogoo Kuroiler, ukayatotolesha, hutapata Kuroiler kama wale ulionunua. Jirani yangu alitotolesha 60. Wapo waliokua wakubwa, wapo waliodumaa, na mitetea mingine ilianza kutaga ikiwa imepita miezi minane. Damu iliyochanganywa ikichanganyika tena inatawanyika. Kwa hiyo ukichagua chotara, jua utanunua vifaranga upya kila ukitaka kundi jipya. Tena chotara wengi hawalalii mayai, au wanalalia siku nne wanainuka.

Sasa kununua.

Ushauri wangu kwa anayeanza, hasa wa nyanda za baridi, ni vifaranga wa mwezi mmoja. Bei yao ni mara mbili au tatu ya wale wa siku moja, na watu wanaona ni ghali. Mimi nililipia 50 nikabaki na 19; gawanya mwenyewe uone kila mmoja aliyebaki alinigharimu kiasi gani, ukijumlisha mkaa na stata, chakula cha vifaranga. Wa mwezi mmoja ameota manyoya, amepata chanjo za mwanzo, na ukiwa makini unaanza kutofautisha jogoo na tetea kwa upanga wa kichwani na miguu.

Lakini wa mwezi mmoja ndipo utapeli ulipo, na mimi nilipigwa. Gari lilipita mtaani, Mtwivila, na makreti ya kuku weupe wa wiki nne, muuzaji anasema ni chotara. Wasafi, wachangamfu, bei nzuri. Nikachukua 30. Walikua wembamba, miguu mirefu, vifua kama kisu, na wote 30 wakawika. Yalikuwa madume ya kuku wa mayai. Kwa wale kuku wa kahawia, jike anatoka kwenye yai akiwa wa kahawia na dume mweupe wa njano. Kiwandani madume yanatengwa siku ile ile, hayatagi na nyama hayaweki. Kwa hiyo ukiona kundi zima la rangi moja nyeupe, limeitwa chotara, na bei imeshuka kuliko kwingine, uliza wametotolewa wapi, na uombe risiti ya vifaranga. Kuroiler wanakuja na rangi za kuchanganyika: weusi, wa kahawia, wa madoa. Na kwa kawaida chotara huuzwa bila kutenganishwa jinsia, kwa hiyo ukitaka mitetea 10 nunua 20 na zaidi. Majogoo yaliyozidi utayala au utayauza; kwa majike 10 jogoo mmoja anatosha.

Ukienda kuchukua wa siku moja, nenda mwenyewe, au mtume mtu atakayefungua boksi. Mshike kifaranga mmoja mmoja, angalau 10 kutoka vyumba tofauti. Kitovu kiwe kimefunga na kikavu. Chenye kidonda au uzi mweusi unaoning'inia, mrudishe. Nyuma pasiwe na kinyesi kilichogandia. Miguu iwe inang'aa. Kisha mlaze chali kiganjani: mzima anajigeuza na kusimama kabla hujahesabu tatu. Muulize muuzaji mambo mawili, na usikilize anavyojibu. Wametotolewa lini, saa ngapi? Wamechanjwa mareki, ule ugonjwa wa kupooza miguu? Chanjo ya mareki hutolewa siku ya kwanza kule kule wanakototolewa, ukiikosa pale umeikosa. Anayejua kazi yake anajibu papo hapo.

Nyumbani, jiko liwe linawaka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na banda liwe na upenyo wa hewa juu kwa sababu moshi wa mkaa unaua kimya kimya. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, halafu unashusha mbili au tatu kila wiki. Kama huna kipimajoto, wao wenyewe ni kipimo: wakirundikana wana baridi, wakikimbilia ukutani wameachama midomo wana joto, wakilala wametawanyika wako sawa. Chanjo: kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, rudia kideri siku ya 21 na Gumboro siku ya 28, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha kideri kila miezi mitatu kwa maisha yao yote. Thibitisha ratiba hii na bwana mifugo wa kata yako. Chanjo ya kuweka kwenye maji usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini, inakufa. Na kuku yeyote mgeni, wa umri wowote, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchangamana na wenyeji.

Njia iliyonifaa kuliko zote nilifundishwa na mama mkwe. Alinikuta nachochea mkaa saa tano usiku akaniambia: "Mwanangu, unahangaika na jiko na koo unaye?" Nilikuwa na koo wa kienyeji aliyekuwa amelalia wiki tatu kasoro. "Usimpe mchana, atawadonoa. Mpe usiku, hajui kuhesabu." Tukaenda gizani. Alipitisha mkono chini ya tumbo la kuku, akatoa yai moja, akaingiza kifaranga mmoja wa Kuroiler wa siku moja, taratibu, tena mmoja, tena mmoja, mpaka 12. Koo akanguruma kidogo, akatanua mabawa, akakaa. Asubuhi alikuwa nje nao anawachakurulia, na tangu siku ile aliwalea wote kama wake. Wasizidi 12 wakati wa baridi, maana hawaenei chini yake, na wawe wa siku moja au mbili tu. Wakubwa zaidi hawamkubali, naye hawakubali.

Kwa hiyo kundi langu sasa ni la kuchanganya: mitetea ya Kuroiler kwa mayai, koo wanne wa kienyeji kwa kulea, na jogoo mmoja. Vifaranga nanunua mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa mwezi wa nane, baridi inapokatika. Majogoo yake yanafika Krismasi yakiwa na nyama, na mitetea inaanza kutaga mwezi wa pili au wa tatu. Mwaka huu nimeagiza 25. Koo wawili nimewawekea mayai ili siku zao ziangukie wiki ile ile.