Usichote volti 12 kwenye betri moja: kwa wanaoanza umeme wa magari

Ukianza kazi ya umeme wa magari hapa Chake Chake, haitapita muda atakuja mwenye lori kuukuu la jeshi akwambie, "Fundi, nitilie redio na pahala pa kuchajia simu." Lori ni Bedford MK, umeme wake volti 24. Redio ni ya volti 12. Betri zipo mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo, na pale katikati zinapokutana, mita inasoma 12 na kidogo. Waya mmoja pale, mwengine kwenye chasisi, taarab inalia, mwenye gari analipa na kushukuru.

Usifanye hivyo. Utaambiwa na mafundi waliokutangulia kwamba wao hufanya siku zote na hakuna gari lililoungua. Ni kweli haliungui. Zinazokufa ni betri, tena taratibu, mpaka lawama ikamwangukia muuza betri.

Altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haijui kama betri ni mbili. Inaangalia jumla tu, volti 28 na kidogo, na chaji inayopita kwenye betri ya kwanza ndiyo hiyo hiyo inayopita kwenye ya pili. Redio nayo inakula kutoka kwa moja tu, ile ya chini ambayo hasi yake imefungwa kwenye chasisi. Ni sawa na ng'ombe wawili wa gari moja unaowalisha majani sawasawa, lakini mmoja tu ndiye anayevuta: huyu atadhoofu, yule atavimbiwa.

Usichukue neno langu, chukua mita. Gari lililochotwa katikati kwa miezi, liwashe injini, pima betri zote kwa pamoja: 28.2, safi kabisa. Sasa pima moja moja. Utakuta kama 13 kwenye ya chini na 15 na zaidi kwenye ya juu. Ya chini haijai hata siku moja na sahani zake zinashika salfeti, ukoko mweupe. Ya juu inachemka. Fungua vizibo uone maji yalivyoshuka na harufu inavyokupiga puani. Dereva atakwambia, "Betri hii inakunywa maji sana," na anayoionesha ni ile isiyobeba redio. Fundi asiyepima huibadilisha hiyo peke yake, anaweka mpya kando ya kuukuu, na mambo yanaanza upya.

Wengine wakishaambiwa haya huhamia betri ya juu. Huko ni kubaya zaidi. Hasi ya betri ya juu iko volti 12 juu ya chasisi, na redio nyingi zina athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chasisi, kwenye bati lake na kwenye ganda la waya wa eriali. Ukiifunga redio kwenye dashibodi ya chuma, umeshapiga shoti betri ya chini.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha gari lenyewe ni la volti ngapi, maana si kila gari la jeshi ni 24. GAZ-66 ya Kirusi ni volti 12. Willys MB ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa 6. Land Rover za jeshi zilizotayarishwa kwa redio za mawasiliano ni 24, na ndugu zake za kawaida ni 12, nawe kwa nje unaweza usione tofauti. Angalia pia upande wa athi: magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifunga chanya kwenye chasisi. Ukikuta hivyo, simama, fikiri upya, kwa sababu vifaa vingi vya leo vinataka hasi kwenye chasisi.

Halafu soma kibandiko cha kifaa. Taa nyingi za LED na soketi za USB zimeandikwa 10–30V au 12–24V. Hizo hazihitaji volti 12, zinataka fyuzi na waya mzuri tu. Mara nyingine unakuta katika orodha yote ya mteja, kinachotaka 12 ni redio peke yake.

Kwa hiyo redio, weka konvata, kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, ile inayokatakata umeme kwa kasi. Usidanganywe na rizista wala na kidhibiti volti kidogo cha miguu mitatu. Kidhibiti kile, volti zikiwa 28 na redio ikala ampia 1, kinatupa wati 16 za moto mtupu. Redio ikipandishwa sauti kitakata au kitakufa.

Hesabu yake si ngumu. Konvata ya ampia 20 kwa volti 12 ni wati 240. Weka na hasara, sema wati 280 zinaingia. Gawa kwa 24, unapata karibu ampia 12. Basi upande wa kuingilia fyuzi ya 15 na waya wa milimita za mraba 2.5 vinatosha kama njia ni fupi. Upande wa kutokea tumia milimita za mraba 4. Fyuzi ya kuingilia iwe shubiri moja kutoka kwenye betri, si ndani ya dashibodi. Fyuzi inalinda waya, na waya wote ulio kabla yake hauna mlinzi.

Konvata usiiache imewashwa usiku kucha, hata redio ikizimwa yenyewe inakula kidogo kidogo. Ipitishe kwenye rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, ukifuata namba za miguu yake: 30 kutoka kwenye fyuzi, 87 kwenda kwenye konvata, 86 kutoka kwenye swichi ya ufunguo, 85 kwenye athi. Rilei iwe ya volti 24. Madukani wanakupa ya 12 bila kuuliza, nayo koili yake itaungua.

Usiunge kwenye waya za zamani za lori. Nyingine zimevikwa raba iliyokauka, ukiikunja inapukutika mkononi. Malori ya Kimarekani yana vibati vidogo vya namba kwenye waya. Usivikate, ndiyo ramani ya atakayekuja baada yako. Saketi yako iwe na njia yake, kisanduku chake cha fyuzi, na rangi ya waya isiyokuwamo mle garini.

Athi ndiyo inayotusumbua visiwani. Lori linalobeba mchanga au mwani pwani linakunywa chumvi kila siku, na shaba iliyo wazi huota ukijani ndani ya msimu mmoja. Kwangua rangi mpaka chuma king'are, funga kwa nati na washa ya meno, kisha paka grisi juu. Kwenye Land Rover usifunge athi kwenye bodi, ile ni aluminiamu na itaharibika pale inapogusana na shaba; nenda kwenye chasisi. Konvata ikae ndani ya kebini nyuma ya kiti, ipate hewa, isilowe masika.

Mteja atalalamika bei, maana jirani alifungiwa kwa waya mmoja tu. Mwambie bei ya betri mbili za N70, kisha nyamaza. Akikubali, mrudishe baada ya wiki mbili tatu, upime tena betri moja moja injini ikiwa inazunguka. Zikipishana kwa zaidi ya nusu volti, huenda kuna mtu alishachota katikati zamani na waya wake bado umo. Utafute.