Tangazo la ujenzi bila usajili linakuponza kabla hujashika mwiko

Mafundi wengi wa Dodoma huamini kwamba kosa linaanza siku msingi unapochimbwa. Kabla ya hapo, wanasema, ni maneno tu: namba ya simu ukutani, picha za nyumba Facebook, kadi zilizoachwa kaunta kwenye duka la vifaa. Imani hiyo ndiyo inayowaponza. Tangazo ni wewe mwenyewe kuutangazia umma kwamba unafanya biashara fulani. Kama biashara hiyo inahitaji usajili na wewe huna, umeshaandika ushahidi dhidi yako, ukaweka na namba yako ya simu chini yake.

Tangu Serikali ihamie Dodoma na Mji wa Serikali wa Mtumba kuanza kujengwa, kazi zimekuwa nyingi na matangazo yamefuata. Ukipita Ilazo, Iyumbu au Nala utayaona kwenye nguzo, kwenye matofali yaliyopangwa, hadi nyuma ya bajaji. Chukua mfano huu, maana karibu yote yanafanana:

"Tunajenga nyumba za aina zote, kuanzia ramani hadi kukabidhi funguo. Tuna wahandisi waliobobea. Umeme, mabomba na visima pia. Bei nafuu, tunafika popote."

Yasome tena polepole. "Tunajenga hadi kukabidhi funguo" ni ukandarasi, na ukandarasi uko chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. "Ramani" ni kazi ya msanifu majengo, inayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, kwa sheria ya mwaka 2010. "Wahandisi" ni jina linalolindwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Shahada ya uhandisi peke yake, hata ikiwa ya chuo kikubwa namna gani, haikupi ruhusa ya kujiita hivyo mbele ya mteja. "Umeme" unahitaji leseni ya kufunga mifumo ya umeme kutoka EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. "Visima" vinahitaji leseni ya uchimbaji chini ya sheria za rasilimali za maji, na kisima chenyewe kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Kwa Dodoma na Makutupora hilo ni Bonde la Wami/Ruvu. Kwa hiyo tangazo la mistari mitatu limegusa mamlaka tano, na aliyeliandika mara nyingi ana cheti cha mafunzo ya ufundi stadi cha VETA tu mkononi. Cheti cha VETA ni kitu cha maana, kinathibitisha ujuzi. Ila ujuzi na ruhusa ya kufanya biashara ni karatasi mbili tofauti.

Kuhusu adhabu, watu huuliza faini kwanza, na kwa maoni yetu hilo ndilo swali la mwisho. Ni kweli kwamba kufanya ukandarasi bila usajili ni kosa la jinai, na anayepatikana na hatia anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Lakini sheria ya bodi si peke yake. Ukiweka mtandaoni taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ukichukua advansi ya mteja kwa kujifanya umesajiliwa, kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu: hadi miaka 7. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha wateja katika biashara. Picha za ghorofa ulizozichukua kwenye ukurasa wa mtu mwingine ukaandika "kazi zetu" zinaweza kukuingiza kwenye hizi zote kwa mkupuo mmoja.

Kinachouma zaidi ni pesa uliyokwisha kuifanyia kazi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23, inasema mapatano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Maana yake mtaani ni hii: umemaliza lenta, umepandisha kozi za juu, umeezeka, mteja amebakiza malipo ya mwisho na anakuzungusha. Ukienda mahakamani, wakili wake hatauliza kama ukuta umenyooka. Atauliza namba yako ya usajili, kisha atatoa skrinshoti ya tangazo ulilojiita mkandarasi. Hapo hoja ya deni imegeuka hoja ya uhalali wako, na mteja mjanja huwa analijua hilo tangu siku anakupa kazi.

Wanaodhani huu ni ukali wa hapa kwetu peke yake watazame jimbo la California, Marekani. Kule kutangaza kazi ya ujenzi inayohitaji leseni bila kuwa nayo ni kosa linalojitegemea, hata kama hujapata mteja hata mmoja: faini ni dola 700 hadi 1,000, nje ya adhabu nyingine. Mwenye leseni analazimika kuandika namba yake kwenye kila tangazo. Bodi yao ina uwezo hata wa kuamuru simu iliyotajwa kwenye tangazo haramu ikatwe. Na aliyefanya kazi bila leseni sio tu hawezi kudai malipo, bali anaweza kuamriwa arudishe yote aliyolipwa.

Sasa, mtu anaandikaje tangazo asijitie matatani? Kama wewe ni fundi, andika ufundi wako. "Fundi mwashi: kujenga tofali, plasta, marumaru. Vifaa ni vya mwenye nyumba, napokea gharama ya ufundi. Nipo Nkuhungu." Hakuna neno "kampuni", hakuna "makandarasi", hakuna "engineering" iliyobandikwa mwishoni mwa jina ili lipendeze. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, halibadilishi chochote hapa. BRELA inakupa jina, TRA inakupa TIN, Jiji linakupa leseni ya biashara, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekupa usajili wa ukandarasi. Tangazo hilo la fundi nalo litakulinda tu kama linasema ukweli. Ukiandika "ufundi tu" halafu unachukua pesa za saruji, nondo na bati, unaajiri mafundi wengine kumi na kukabidhi nyumba iliyokamilika, kinachotazamwa ni ulichofanya.

Kama umesajiliwa, andika jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, aina ya ukandarasi, daraja na namba. Watu huacha daraja kwa makusudi, na hapo ndipo hata waliosajiliwa huanguka. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba: la Kwanza ndilo kubwa, la Saba ndilo la kuanzia, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya mkataba mmoja. Wa kazi maalumu wana madaraja matatu. Kampuni ya Daraja la Saba inayotangaza "maghorofa na miradi mikubwa" ina cheti halali mkononi na bado inatangaza kazi isiyoruhusiwa kuifanya. Hali ni hiyohiyo kwa mkandarasi wa majengo anayetangaza barabara na makalavati: aina ya usajili wake si hiyo.

Kisha kuna ada ya mwaka. Usipoilipa unaweza kufutwa kwenye daftari, lakini bango la barabarani halijui kwamba umefutwa. Linaendelea kukutangaza, namba ya usajili ileile, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingia kwenye tovuti ya CRB akakosa jina lako. Weka utaratibu: siku unapolipia ada, siku hiyohiyo pitia matangazo yako yote. Ukutani, kwenye gari, kurasa za mtandao, kwenye ramani za Google ambako jina huwa linakaa miaka bila mwenyewe kukumbuka, na kadi zilizobaki madukani. Bango lililo ndani ya hifadhi ya barabara lina kesi yake nyingine, na linaweza kupigwa X nyekundu au kung'olewa bila kujali kama umesajiliwa.

Biashara ya kukodisha usajili tunaisema waziwazi kwa sababu imezoeleka mno. Fundi asiye na usajili anapata kazi, anamtafuta mwenye kampuni, anampa chochote, na kibao cha mradi kinasimama pale getini: mwenye mradi, namba ya kibali cha ujenzi, mkandarasi fulani. Mkaguzi akifika hupiga simu ya kwenye kibao au kumuuliza aliyepo saiti amwonyeshe barua inayomtambulisha kama mwajiriwa wa kampuni ile. Simu ikipokelewa na mtu asiyejua hata mradi uko Kisasa au Ihumwa, basi. Kazi inasimamishwa, na aliyekodisha jina lake yuko hatarini kufutwa usajili alioutafuta kwa miaka. Kwa maoni yetu yeye ndiye hupata hasara kubwa zaidi, maana fundi atahamia saiti nyingine kesho.

Kwenye umeme hali ni hiyo, ila huitwa "kununua mhuri". Nyumba imefanyiwa wayaringi na mtu asiye na leseni, halafu mwenye leseni anagonga mhuri ili TANESCO waunganishe, bila kukanyaga pale. Kwa udongo wa Dodoma huu ni mchezo wa hatari. Ardhi ni kavu sehemu kubwa ya mwaka na mwamba uko karibu. Fundi anapiga nondo ya ethi, ile ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, inagoma katikati, anakata kipande cha juu na kufukia. Kwa macho ipo. Ikipimwa, upinzani wake uko juu sana, na hitilafu ikitokea mkondo hauna pa kwenda, kwa hiyo pasi au friji inabaki na umeme kwenye gamba lake la chuma. Aliyegonga mhuri bila kupima ethi, na bila kupima insulesheni (ganda la nyaya) kwa volti 500 ili kuona kama inafika angalau megaomu 1, ameweka sahihi kwenye ajali ya mtu mwingine.

Njia ya kuhalalisha mambo ni ya kuchosha lakini haina siri. Kampuni inasajiliwa BRELA kwa mfumo wa mtandaoni, na katika malengo yake ukandarasi utajwe waziwazi. Wengi hurudishwa kwa sababu waliandika "biashara ya jumla". TIN inafuata. Awe mmoja wa wakurugenzi ana taaluma inayolingana na aina na daraja unaloomba, vyeti vyake viwe vimethibitishwa, na asiwe tayari amebeba kampuni nyingine. Orodha ya vifaa iwe na uthibitisho wa umiliki: risiti au kadi ya gari, si picha. Uwezo wa fedha huonyeshwa kwa nyaraka za benki. Malipo yote ni kwa kontro namba. Yeyote anayetaka umtumie ada kwenye simu yake binafsi, achana naye. Leseni ya umeme huombwa kupitia mfumo wa EWURA uitwao LOIS, na daraja utakalopata linatokana na cheti na uzoefu ulionao. Kwa walioko Dodoma kuna nafuu moja: CRB na EWURA makao makuu yao yako hapahapa, kwa hiyo maombi yakikwama unaweza kwenda dirishani ukaonyeshwa karatasi inayokosekana. Usitangaze kwa sababu "maombi yapo kwenye mchakato". Hadi cheti kitoke, bado hujasajiliwa.

Kazi za Serikali zina mlango wake. Zabuni sasa hupita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, na usajili wako wa bodi ni sehemu ya kinachohakikiwa. Kupeleka cheti cha kughushi huko kunaweza kukufanya ufungiwe kabisa kushiriki zabuni za umma.

Na kama barua ya bodi kuhusu tangazo lako imeshakufikia? Usipige simu kubishana. Kwanza piga picha tangazo lilivyo, pamoja na tarehe. Kisha liondoe kila lilipo, ukipaka rangi ukutani na kufuta posti, na uweke kumbukumbu ya siku uliyoliondoa. Usifute kimyakimya ukaja kukana kwamba halikuwahi kuwepo, maana mlalamikaji ana nakala yake. Jibu kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, ukieleza umeondoa nini na lini, na kama kuna kazi inayoendelea, iko hatua gani na mwenye mradi ni nani. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa. Kazi iliyo katikati isimamishe hadi mteja apate mkandarasi aliyesajiliwa, na mpime pamoja kilichofanyika: kozi ngapi, mita za mraba ngapi za plasta, mifuko mingapi ya saruji iliyobaki stoo. Pande zote mbili zisaini karatasi hiyo kabla hujaondoa jukwaa na mbao zako saiti.