Kugeuza picha kuwa mchoro wa rangi za maji: filta ni sehemu ndogo ya kazi

Mkuu, umeuliza kwa nini ukiipitisha picha kwenye filta ya Watercolor ya Photoshop inatoka imejaa weusi na madoadoa. Kompyuta yako haina kosa, na toleo la programu halina kosa. Filta ile ndivyo ilivyo: inazamisha vivuli kwenye weusi hata ukishusha Shadow Intensity hadi 0. Mchoraji wa rangi za maji hana weusi wa namna hiyo. Rangi yake ni nyepesi, inapitisha mwanga, na weupe wote unaouona ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa. Anaanza na rangi hafifu, inakauka, anapaka nyingine juu yake, na giza linajengeka taratibu. Ndiyo maana kazi kubwa iko kabla ya filta na baada yake. Naeleza kwa Photoshop, kisha nitaigusa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha.

Anza na picha inayofaa. Tafuta yenye mwanga wa upande mmoja, maumbo makubwa na sehemu angavu za kutosha. Picha ya kichaka chenye majani mengi madogo itakutesa, maana kila jani lina ukingo wake na nyingi ya filta hizi hufanya kazi kwa kutafuta kingo. Picha ya usiku yenye chenga (vitone vitokanavyo na mwanga hafifu) ni mbaya zaidi; chenga zinasomwa kama maumbo na mchoro mzima unaota upele. Kama huna nyingine, ondoa chenga kwanza kwa Reduce Noise. Angalia pia JPEG iliyobanwa sana: ina viboksi vya pikseli 8 kwa 8 ambavyo kwa macho huvioni, lakini filta itavichora.

Halafu ukubwa. Hapa ndipo wengi wanaofuata maelekezo ya mtandaoni wanapokwama bila kujua sababu. Namba za filta nyingi zinahesabiwa kwa pikseli. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000, kwa hiyo radiasi (umbali ambao filta inafika kuzunguka kila pikseli) iliyomfaa mtu mwenye picha ya pikseli 1500 kwako itaonekana kidogo mno. Namba zangu zote ni za picha yenye upande mrefu wa pikseli 3000. Ukitaka kuchapa kikubwa zaidi, malizia mchoro kwenye ukubwa huo, ukuze, ndipo uweke leya ya karatasi nitakayoieleza mwishoni. Mchoro wa namna hii hauna vitu vidogo vya kupotea wakati wa kukuza.

Hakikisha picha iko RGB (rangi za skrini) na biti 8 kwa kila chaneli. Filter Gallery, dirisha lenye filta za kisanaa, haifanyi kazi kwenye biti 16 wala CMYK (rangi za uchapaji). Ukiikuta imefifia kwenye menyu, sababu mara nyingi ni hiyo. Nakili leya (tabaka la picha), bofya Convert for Smart Filters, ili uweze kurudi kubadili namba bila kuanza upya.

Sasa mwanga, na hapa usiwe na haraka. Fungua Shadows/Highlights, inua vivuli kati ya 40 na 60. Kisha Levels. Upande wa Output, sogeza kitelezi cha weusi kutoka 0 hadi 40, ili pasibaki pikseli nyeusi tii. Upande wa Input, sogeza kitelezi cha weupe kutoka 255 hadi 235 hivi. Mpiga picha yeyote atakuambia unaunguza sehemu angavu, na ni kweli, unaziunguza makusudi: zitakuwa karatasi yako. Ongeza Vibrance +20, kisha kwenye Color Balance chagua Shadows usukume kidogo kuelekea bluu, +8 hadi +12. Kivuli cha kijivu kitupu ndicho kinachofanya mchoro uonekane kama picha iliyochafuka.

Kupunguza undani: Smart Blur, Radius 10, Threshold 30, Quality High. Elewa Threshold inafanya nini, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu. Tofauti ya mwangaza iliyo chini ya namba hiyo inalainishwa, iliyo juu yake inabaki kama ukingo. Ukiona ngozi ya mtu imekuwa plastiki, shusha hadi 15. Ukiona ukuta bado una vipele, panda hadi 40. Fuatisha Median, radiasi 4, inayomeza vitone vilivyobaki na kuyapa maumbo kona za mviringo. Baada ya hapo ndipo iingie Dry Brush kutoka Filter Gallery: Brush Size 3, Brush Detail 6, Texture 1. Usipandishe Texture hadi 3, itakurudishia chenga ulizotoka kuziondoa. Mimi filta ya Watercolor siitumii kabisa. Dry Brush inaacha rangi zikiwa safi zaidi.

Ukiishia hapo utapata bapa moja la rangi. Rangi za maji zina mapako juu ya mapako, kwa hiyo tengeneza leya mbili. Ya chini ipe Median ya 25 hadi 30, bila Dry Brush, na uiongezee mwangaza; hiyo ni rangi pana ya kwanza. Ya juu, yenye undani, iweke modi ya Multiply (namna ya kuchanganya leya na iliyo chini yake), opasiti, yaani kiwango cha kufunika, asilimia 50. Multiply daima inatia giza, hivyo kama matokeo yamezama, ongeza mwangaza kwenye leya ya chini badala ya kupunguza opasiti ya juu, la sivyo undani utapotea. Leya ya chini isogeze pikseli 5 au 6 pembeni kwa Move. Rangi itavuka mstari kidogo, kama inavyovuka kwa mkono.

Kitu kinachotofautisha rangi za maji na nyingine ni ukingo mweusi kidogo kuzunguka kila doa. Maji hukauka haraka zaidi pembezoni, na mengine yanayokuja kujaza nafasi hubeba chembe za rangi hadi hapo. Ili kuuiga, nakili leya ya juu, irudishe modi ya Normal na opasiti 100, ifanye Rasterize, weka Find Edges, ondoa rangi kwa Desaturate, Gaussian Blur ya pikseli 1, kisha Levels ukivuta weupe hadi mistari dhaifu ipotee. Modi Multiply, opasiti 20 hadi 35. Fanya hivi kwenye leya iliyokwisha kulainishwa, si kwenye picha halisi: simu nyingi hunoa picha zenyewe na kuacha mstari mweupe pembeni ya kila kitu, nawe utapata mistari miwili miwili. Halafu weka maski (nyeupe yake huonyesha leya, nyeusi huificha) ufute karibu theluthi ya kingo hizo, hasa mawinguni, majini na nyuma kwa mbali. Mchoro wenye kingo kali kila mahali unaonekana kama stika.

Mistari ya penseli ni hiari. Ukiitaka: nakili picha halisi iliyoondolewa chenga, Desaturate, nakili tena, Invert, modi Color Dodge. Skrini itakuwa karibu nyeupe yote, usishtuke. Weka Gaussian Blur ya 8 na mistari itajitokeza. Unganisha hizo mbili, Multiply, opasiti 25. Kwa majengo inapendeza, kwa nyuso mara nyingi inazeesha.

Nyuso nazo zina shida yake: filta hula macho. Weka juu nakala ya picha iliyopitishwa kwenye Smart Blur tu, ipe maski nyeusi, kisha paka nyeupe machoni na kwenye mstari wa midomo kwa opasiti 40.

Maski ya mwisho ndiyo inayouza kazi, na ndiyo watu huiruka. Weka leya zote kwenye kundi, chini yake leya nyeupe, na kundi lipe maski nyeusi. Picha yote itapotea. Chukua brashi ya majimaji yenye kingo zisizo sawa. Kwenye paneli ya Brushes ingiza Legacy Brushes, utazikuta chini ya Wet Media. Paka nyeupe ukiifunua picha kutoka katikati kwenda nje, na uache pembe nne bila kukamilika. Opasiti ya brashi 60 na Flow (kasi ya rangi kutoka) 100: ndani ya mkupuo mmoja rangi haizidi 60, ukiinua mkono na kupita tena inaongezeka, yaani pako juu ya pako. Ukishusha Flow badala ya opasiti, rangi itarundikana kila unapogeuza brashi na utaona mabaka. Usitumie brashi laini ya duara. Ile inatoa ukungu wa kadi ya harusi.

Karatasi mwisho. Piga picha karatasi yenye mkwaruzo, mwanga ukiipiga kwa ubavu, ondoa rangi, halafu iweke juu ya kila kitu kwa Multiply, opasiti 30 hadi 50. Wengine wanapenda Overlay, lakini Overlay haigusi nyeupe ya 255, kwa hiyo mkwaruzo utaonekana kwenye rangi tu na kutoweka pale ambapo karatasi iko wazi, jambo lisilowezekana. Ukiing'ang'ania, leya nyeupe ya chini ifanye 245. Kama una subira, ihifadhi karatasi hiyo kama PSD (faili la Photoshop) ya kijivu, uitumie kwenye Displace, filta inayosogeza pikseli kwa kufuata mwangaza wa picha nyingine, kwa leya za rangi, kipimo 4 pande zote mbili. Kipimo cha 100 kinasogeza hadi pikseli 128, kwa hiyo 4 ni kama pikseli 5: inatosha kuvunja mistari iliyonyooka mno.

Kwa GIMP mpangilio ni uleule. Badala ya Smart Blur tumia Selective Gaussian Blur, Max. delta yake inakwenda 0 hadi 1, hivyo 30 ya Photoshop ni kama 0.12. Badala ya Dry Brush kuna Oilify, Mask radius 4 au 5, au Symmetric Nearest Neighbor iliyo tulivu zaidi. Edge-Detect inatoa mistari myeupe juu ya weusi, kwa hiyo Invert kabla ya Multiply. Color Dodge huko inaitwa Dodge. Tumia toleo la 3.0 la mwaka 2025 au jipya zaidi, maana filta zake unaweza kurudi kuzihariri, kwenye 2.10 nakili leya kabla ya kila hatua.

Ukiwa unaipandisha mtandaoni, zima leya ya karatasi, punguza ukubwa, kisha iwashe upya ukiwa na karatasi ya kipimo hicho. Mkwaruzo uliopunguzwa pamoja na picha ama unafutika au unageuka vumbi, na JPEG ya ubora wa chini ndiyo inaumalizia.