Kwa nini tusomewe kilichomo mikononi mwetu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma Kiswahili chuoni Dodoma, mwaka wa kwanza, na Jumapili ni msomaji parokiani kwetu. Kanisani watu wana misale, vitabu vya sala na masomo ya Misa, darasani kila mtu ana utenzi kwenye simu, lakini bado mmoja anasimama anasoma kwa sauti. Mhadhiri wetu humaliza nusu kipindi hivyo. Si kupoteza muda?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fungua Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, pale mama anapomwita bintiye: “Negema wangu binti, mchachefu wa sanati.” Kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8. Hesabu hicho cha kwanza kwa macho tu, upesi utapata 7, na kwenye mtihani utaandika kwamba mshairi kapungukiwa. Sasa kighani, yaani kisome kwa sauti ya kuimba. Ile “n” ya binti inasimama peke yake, bi-n-ti, na mizani inatimia. Nimeshuhudia darasa likibishania kipande hicho mpaka binti mmoja wa Lamu alipokighani. Ubishi ukaisha hapo hapo.

Mhadhiri anayesoma slaidi zake neno kwa neno saa mbili nzima ni habari nyingine. Huyo mlalamikie.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani hawajaitenganisha ibada na darasa. Kwenye darsa za Ramadhani, mwanafunzi anasoma, sheikh anamsimamisha, anafasiri, kisha anamwambia endelea. Kosa la msomaji linasikika na kusahihishwa palepale, mbele ya wote.

Na kanisani? Paulo anawaapisha Wathesalonike kwamba barua yake isomwe kwa ndugu wote. Aliandikia masikio. Dominika ya 4 ya Majilio, ile ya mwisho kabla ya Noeli, katika Mwaka A wa mzunguko wa masomo, ukipangiwa somo la pili utakutana na Warumi 1:1–7, maneno yanayotiririka bila kituo tangu jina la Paulo hadi karibu na salamu. Asiyejiandaa huishiwa pumzi katikati ya habari za Mwana na ukoo wa Daudi, na waumini wanabaki hawajui ni nani anayesemwa. Ukishavuta pumzi mahali, umeshawafasiria, utake usitake. Kwa hiyo lisome Jumamosi jioni kwa sauti, chumbani, na utie alama ya penseli kila utakapopumzika. Siku ambayo si zamu yako, funga misale usikilize.

Halafu mwombe mhadhiri wako akupe ubeti wa kughani wiki ijayo.