Kuhudumia wagonjwa kunamponyaje anayehudumia, na kwa kipimo gani?

Swali

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63, ninaishi Moshi. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, na watoto wangu wote wanafanya kazi Dar es Salaam na Mwanza. Baada ya matanga nyumba ilikuwa kimya mno, nikawa mtu wa mawazo, hata kupika chakula cha mtu mmoja nikaona ni kazi bure. Mwaka jana akina mama wa usharika wetu walinialika tupeleke uji na sabuni kwa wagonjwa waliolazwa bila ndugu wa karibu. Miezi ya kwanza nilipata nafuu ambayo sikuitegemea: nililala, nikaimba tena, na sala yangu ikawa na uhai. Sasa ninakwenda siku tano kwa wiki, saa nne kila siku, kwa sababu wenzangu wamepungua na mimi nashindwa kukataa. Usingizi umekatika tena, na nyuso za wagonjwa zinanifuata hadi kitandani. Je, kuhudumia wengine kunatibu kweli, au nilijidanganya? Kipimo chake ni kipi? Na je, ni vibaya kufurahia faida ninayoipata mimi wakati mwenzangu yumo katika maumivu?

Jibu

Shikamoo, Mwalimu, na pole sana kwa kuondokewa na mwenzi wako. Hukujidanganya. Nafuu uliyoipata ilikuwa ya kweli, na kilichokurudisha nyuma kinaelezeka pia. Kwa kuwa mimi ni mwanasaikolojia tiba hapa hapa Moshi, na ninawaona wajane na wastaafu wengi wenye hali inayofanana na yako, naomba nikueleze kwanza jinsi nafuu ile ilivyofanya kazi, maana ukiijua njia yake utajua pia mahali ilipokatikia.

Mtu anaposema "nina mawazo", hasemi kwamba anafikiri sana, bali kwamba fikra zake zinazunguka mahali pamoja bila kufika popote. Kustaafu kulikuondolea kengele ya asubuhi, msiba ukakuondolea mtu wa kumpikia, na siku ikabaki wazi kwa mzunguko huo kuanzia alfajiri hadi usiku. Uji wa wodini ulikurudishia saa ya kuamka, njia ya kupita, na mtu anayekungoja mlangoni. Katika matibabu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, tunayo mbinu inayotumia kanuni hiyo hiyo: mgonjwa hupangiwa shughuli yenye maana na kuifanya kabla hamu haijarudi, kwa sababu mara nyingi hamu huja nyuma ya tendo. Ulifanya tiba hiyo bila kuandikiwa na mtu.

Lipo na jambo la pili ambalo nalithamini zaidi. Mwaka 1965 msomi wa Marekani Frank Riessman aliandika kwamba katika vikundi vya watu wanaosaidiana, mara nyingi anayenufaika zaidi ni yule anayetoa msaada. Miaka 30 kabla yake, mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta katika hoteli mjini Akron, kazi yake imeharibika na baa iko karibu. Akatafuta kwa simu mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akapelekwa kwa daktari Bob Smith, na katika kumsaidia daktari huyo akaona kwamba yeye mwenyewe amebaki bila kunywa. Kutoka kwa watu hao wawili kulianza vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe ambavyo leo vimeenea duniani. Aliyevunjika anapogundua kwamba bado ana kitu cha kumpa mwingine, picha yake ya nafsi yake hubadilika, na mabadiliko hayo hayapatikani kwa kuambiwa maneno ya faraja peke yake.

Kuhusu kipimo, tunazo takwimu, ingawa zinapaswa kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa wenye afya njema ndio wanaojitolea zaidi, na si rahisi kutenganisha sababu na matokeo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia Wamarekani 1,164 wenye umri wa miaka 51 hadi 91 kwa muda wa miaka minne. Waliojitolea angalau saa 200 kwa mwaka walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata shinikizo la juu la damu, na hali yao ya kisaikolojia iliongezeka kuwa njema. Saa 200 kwa mwaka ni saa zisizofika nne kwa wiki. Upande wa pili, utafiti wa Australia wa mwaka 2008 uliohusu watu wa umri wa miaka ya sitini ulionyesha kwamba hali njema ilikuwa juu kwa waliojitolea kiasi, na ilishuka kwa wasiojitolea kabisa na kwa waliovuka saa 800 kwa mwaka. Sasa tupige hesabu yako, Mwalimu: saa nne mara siku tano mara wiki 52 ni saa 1,040. Umevuka mbali ule mpaka, na umeuvuka ukiwa bado na msiba moyoni.

Naamini hata hivyo kwamba wingi wa saa ni nusu tu ya tatizo lako. Nusu nyingine imo katika maneno yako mwenyewe, "nashindwa kukataa". Mwaka 2010 watafiti Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha kwamba anayesaidia kwa hiari yake huongezeka furaha na nguvu, ilhali anayesaidia kwa kusukumwa na aibu au shinikizo hapati faida hiyo, na hata anayesaidiwa hunufaika zaidi pale msaada unapotoka kwenye hiari. Kiswahili kimelihifadhi jambo hili katika msamiati wake, kwani mtumishi, mtume na mtumwa wote wametokana na kitenzi kimoja, kutuma. Mtumishi ametumwa kazi yenye mwanzo na mwisho, na akiimaliza humrudia aliyemtuma. Mtumwa ametumwa vilevile, ila hana ruhusa ya kusema hapana. Ulianza safari hii ukiwa mtumishi. Wenzako walipopungua, ukasogea kidogo kidogo upande wa pili, na hakuna aliyekuona ukisogea, pengine hata wewe mwenyewe.

Utakuwa unaijua mifongo ya mlimani, ile mifereji ya kumwagilia mashamba. Maji yale hayakuachwa yatiririke katika kihamba kimoja, yaani shamba la nyumba moja, wiki nzima, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na zamu yake, na kila nyumba ilitoa mtu wa kuusafisha mfongo. Ninakuomba urudishe utaratibu huo katika kikundi chenu. Chagua siku mbili kwa wiki, saa mbili kila siku, uwaandikie viongozi wa akina mama kwamba siku tatu zilizobaki zinahitaji watu wengine, kisha uache zibaki wazi hata kama hakuna aliyejitokeza mara moja. Hapo ndipo penye ugumu, nalijua hilo, na moyo utakusuta ukimfikiria mgonjwa atakayekosa uji Jumatano. Lakini pengo linaloonekana huweza kuwaita wengine, na pengo unalolifunika kila siku kwa mwili wako halimwiti mtu.

Kuhusu nyuso zinazokufuata, tofautisha kuumia pamoja na mgonjwa na kumhurumia mgonjwa. Tania Singer na Olga Klimecki, waliofanya kazi mjini Leipzig, Ujerumani, waliwafundisha watu kwanza kuyahisi maumivu ya wengine, na hisia zao zikawa mbaya zaidi. Kisha wakawafundisha kuelekeza upendo na nia njema kwa anayeteseka, na hisia njema zikarudi ingawa walichokitazama bado kilikuwa mateso. Katika lugha ya kanisa lako ningesema: usiuchukue ugonjwa nyumbani, mchukue mgonjwa mbele za Mungu. Unapotoka wodini nawa mikono, kaa kwenye benchi dakika tano, mtaje kila uliyemhudumia kwa jina katika sala, umkabidhi, ndipo upande daladala. Mama wa Kiislamu angefanya hivyo kwa dua baada ya swala, na kazi ya kisaikolojia inayofanyika ni ile ile.

Swali lako la tatu limenigusa. Watafiti waliochunguza wahitimu wa sekondari wa mwaka 1957 katika jimbo la Wisconsin walichapisha mwaka 2012 kwamba waliojitolea kwa ajili ya wengine walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika miaka minne iliyofuata, ilhali waliojitolea hasa kwa manufaa yao wenyewe hawakutofautiana na wasiojitolea. Matokeo hayo hayakukatazi kufurahi. Yanaonyesha kwamba furaha hiyo huja ikiwa macho yako yako kwa mgonjwa, na hukimbia ukianza kuitafuta yenyewe. Unapotoka wodini moyo ukiwa mwepesi, pokea wepesi huo kwa shukrani. Hujamwibia mtu chochote.

Bado kuna jambo ambalo huduma haiwezi kulibeba. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo huzuni au kukosa hamu kunakutawala karibu kila siku, chakula hakipiti, usingizi hauji, au yanakujia mawazo ya kutaka kufa, usingoje zamu wala ratiba. Nenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC ukaonane na wataalamu wa afya ya akili, na kama ni mawazo ya kufa, nenda siku hiyo hiyo ukisindikizwa na mtu. Lipo pia tatizo la huzuni ya msiba inayoendelea kwa ukali ule ule kwa zaidi ya miezi sita, ambalo Shirika la Afya Duniani limeliingiza katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, nalo lina tiba yake ya mazungumzo. Ninalitaja hili kwa sababu katika barua yako umeeleza wagonjwa wengi, na mumeo umemtaja katika sentensi moja tu. Moja ya zile siku tatu utakazoziacha wazi ingefaa kuwa yake: nenda kihambani alikozikwa, ukae, uongee naye au unyamaze, na umruhusu jirani akupikie jioni hiyo.

Ukiniandikia tena baada ya miezi miwili ya ratiba hii, nitajie kwanza saa unazolala, kisha ndipo unipe habari za wodini.