Shokapu za Pikipiki: Ipi Kazi Yako, Ipi ya Fundi

Mwenye pikipiki ya kazi, iwe Boxer au TVS, akiona mafuta yanatiririka kwenye shokapu ya mbele hujiuliza kama aipeleke gereji au aifungue mwenyewe. Baada ya miaka mingi ya kuendesha katika barabara za vumbi za Morogoro, kupitia Matombo hadi Kisaki, nimefikia msimamo kwamba kubadilisha sili (pete ya mpira inayozuia mafuta kuvuja) na mafuta ya shokapu za mbele ni kazi anayoiweza mwenye pikipiki akiwa na subira, ilhali shokapu za nyuma na chochote kilichopinda ni vya fundi mwenye vifaa.

Wengi hudhani sababu ya kujifanyia ni kuokoa fedha. Ujira wa kazi hii kwa kawaida si mkubwa, na kama fedha ingekuwa hoja pekee nisingemshawishi mtu achafue mikono yake. Hoja yangu ni kujua kilichomo ndani. Nimewahi kurudishiwa pikipiki kutoka gereji ikiwa na sili mpya, isiyovuja hata tone, lakini usukani ulinipiga mikono kwenye kila shimo. Nilipoifungua, nilikuta ndani mafuta mazito ya injini, na mguu mmoja wa shokapu ulikuwa na mengi kuliko mwenzake. Shokapu hutuliza mshtuko kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo. Yakiwa mazito kupita kiasi hupita polepole, tairi hukosa muda wa kurudi chini kati ya tuta moja na jingine, na kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo yanayofuatana linaanza kurukaruka. Tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Kwa hiyo aina na kipimo cha mafuta ni jambo la usalama, na vyote vimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Pikipiki nyingi za aina hii hutumia mafuta maalumu ya shokapu ya daraja la 10W (namba inayoonyesha uzito wa mafuta) au karibu na hapo, wakati mafuta ya injini tunayonunua kila siku ni 20W-50.

Katika kazi yenyewe, tanguliza uthabiti wa pikipiki. Isimamishe kwa stendi kubwa, kisha weka kreti imara chini ya injini hadi tairi la mbele lielee, na uitikise kabla ya kuondoa chochote. Legeza kifuniko cha juu cha kila shokapu ingali imebanwa mahali pake, kwa sababu ukishaitoa hutapata pa kuishikia. Ukifika kwenye nyuzi za mwisho, kikandamize kifuniko kwa kiganja na uweke uso pembeni, maana springi iliyo chini yake imebanwa na inaweza kukirusha. Kama pikipiki yako ina breki ya diski, funga kaliper (kifaa kinachobana diski) kwa kamba. Usiiache ining'inie kwa bomba lake la mafuta.

Sehemu inayowashinda wengi ni boliti iliyo chini kabisa ya mguu wa shokapu. Ukiizungusha, kifimbo cha ndani nacho huzunguka pamoja nayo bila kulegea. Ijaribu springi ikiwa bado ndani na mtu mwingine akiikandamiza shokapu, kwani mkandamizo huo mara nyingi hutosha kukishikilia kifimbo. Ikigoma bado, ichukue shokapu hiyo mkononi uende kwa fundi mwenye spana ya hewa, ambaye atailegeza mara moja, kisha urudi nyumbani kuendelea.

Kabla ya kuweka sili mpya, lichunguze bomba la kromu la shokapu. Lifute likauke, kisha pitisha ukucha juu yake taratibu, hasa katika eneo ambalo sili husugua. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu au mkwaruzo, hapo ndipo sili ilipokatikia, na mpya itakatika vilevile. Ncha ndogo iliyoinuka unaweza kuisawazisha kwa msasa laini wa namba 1000 au zaidi ukiulowesha mafuta, lakini kromu iliyobanduka haina dawa ya nyumbani, bomba libadilishwe. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona madereva wakibadilisha sili mara kwa mara na kulaumu spea feki, ilhali ubovu uko kwenye bomba.

Sili ipakwe mafuta na iingizwe upande wake wenye kispringi chembamba ukiangalia ndani, kwenye mafuta. Igonge kwa kipande cha bomba la plastiki chenye upana unaolingana nayo, ishuke sawasawa pande zote. Usitumie bisibisi, itaijeruhi. Mafuta yapime kwa bomba la sindano, kiasi kilekile kila upande. Ukirudisha tairi, kaza boliti za kubana shokapu na uibane ekseli kiasi, ishushe pikipiki, ikandamize mbele mara kadhaa ili miguu yote miwili ijipange, ndipo uikaze ekseli kabisa.

Shokapu za nyuma za pikipiki hizi nyingi zimefungwa kiwandani, na zenye gesi zina mkandamizo mkubwa unaoweza kujeruhi, hivyo zisifunguliwe. Zikivuja, nunua pea nzima. Vivyo hivyo, pikipiki iliyogonga kitu kwa mbele na sasa inavuta upande mmoja ipelekwe kwa fundi anayeweza kupima unyoofu wa mabomba na kukagua golori za shingo. Huko mlipe vizuri bila kumharakisha, mpelekee mafuta uliyoyanunua mwenyewe, na mwombe apime mbele yako. Fundi anayeijua kazi yake hatakasirishwa na ombi hilo.